Kupima Zebaki Katika Mvua na Theluji ya Milimani: Mwongozo Kamili

Mlima usio na barabara, kiwanda wala nyumba hupokea zebaki kila mvua inaponyesha na kila theluji inapoanguka. Zebaki inayotoka kwenye mitambo ya makaa ya mawe na kwenye uchenjuaji wa dhahabu wa wachimbaji wadogo hupaa ikiwa gesi ambayo haiyeyuki kwa urahisi katika maji, hivyo mvua haiioshi mara moja. Gesi hiyo hukaa hewani miezi kadhaa hadi karibu mwaka, muda unaotosha kuizunguka dunia. Tathmini ya zebaki duniani iliyotolewa na UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, mwaka 2018 ilikadiria kuwa shughuli za binadamu ziliingiza hewani takriban tani 2,220 mwaka 2015. Asilimia 38 hivi zilitokana na uchimbaji mdogo wa dhahabu na asilimia 21 hivi na uchomaji wa makaa ya mawe.

Juu angani, bromini na vioksidishaji vingine huigeuza gesi hiyo kuwa zebaki iliyooksidishwa, na hiyo ndiyo inayonaswa na matone na chembe za theluji. Mlima uko karibu na tabaka hilo la hewa, tena huilazimisha hewa ipande, ipoe na imwage maji yake. Ndiyo sababu vituo kama Pic du Midi nchini Ufaransa (mita 2,877) na Mount Bachelor huko Oregon, Marekani, vina uzito mkubwa katika utafiti huu. Maji hayo yakifika ziwani au kwenye kinamasi, bakteria hugeuza sehemu ya zebaki kuwa methili-zebaki. Hiyo hujilimbikiza katika samaki na kudhuru mfumo wa neva wa wanaowala, hasa mtoto aliye tumboni.

Hapa tunaeleza namna ya kukusanya mvua na theluji mahali pa mbali, kuyafikisha maji maabara bila kuyaharibu, na kupata mikrogramu (sehemu za milioni za gramu) za zebaki kwa kila mita ya mraba. Mashine ya maabara ni nyeti na hufanya kazi yake vizuri. Takwimu nyingi mbovu huharibika kabla sampuli haijaifikia.

Udogo wa kitu unachokitafuta

Mvua ya mahali pa mbali kwa kawaida huwa na nanogramu (sehemu za bilioni za gramu) chache hadi 20 hivi za zebaki kwa lita. Kipimajoto cha zamani cha homa kina karibu gramu moja ya zebaki. Gramu hiyo moja inatosha kufikisha lita 100,000,000 za maji safi kwenye nanogramu 10 kwa lita. Kwa hiyo kipimajoto cha zebaki, taa ya mrija, swichi ya zamani yenye zebaki au barometa ya zebaki havikai chumba kimoja na chupa zako, hata vikiwa vizima. Halijoto ya theluji ipimwe kwa kipimajoto cha kielektroniki.

Hata pumzi huchafua. Mtu aliyezibwa meno kwa amalgamu, yaani mchanganyiko wa zebaki na metali nyingine, hutoa mvuke wa zebaki anapopumua, na mbinu rasmi za kukusanya sampuli za metali kidogo sana zinalitaja jambo hili waziwazi. Asiye na amalgamu ndiye apewe kushika chupa. Asipokuwepo, anayeshika azuie pumzi wakati kifuniko kiko wazi na auelekeze uso upande ambao upepo unakwenda.

Kuchagua mahali

Tafuta uwanda mdogo ulio wazi, usiwe ukingoni mwa kilele ambako upepo hupuliza theluji nje ya chombo. Mti, kibanda au mwamba uwe mbali angalau mara mbili ya kimo chake. Miti si tatizo la kivuli cha mvua tu. Majani yake hunasa zebaki kutoka hewani, kisha mvua huiosha na kuidondosha chini. Maji yaliyopita kwenye majani hubeba zebaki nyingi kuliko mvua ya uwandani, na hayo ni kipimo kingine kabisa. Ukiyachanganya na mvua ya wazi, hutaweza kuyatenganisha baadaye.

Jenereta isiwepo. Pikipiki ya theluji iachwe mita mia kadhaa upande ambao upepo unaelekea, na mwendo uliobaki uwe wa miguu au ski. Angalia pia mteremko ulio juu yako, maana kituo kilicho kwenye njia ya maporomoko ya theluji hakifai hata kingekuwa kizuri kiasi gani kwa kemia.

Vyombo

Polithini ya kawaida haifai kuhifadhi sampuli, kwa sababu mvuke wa zebaki hupenya kuta zake kuingia na kutoka. Tumia kioo cha borosiliketi au plastiki ya floropolima ya jamii ya tefloni. Kwa theluji, mifuko ya floropolima ni bora kuliko kioo: haipasuki kwa baridi na ni myepesi mgongoni.

Chupa mpya husafishwa hivi. Ijaze asidi ya hidrokloriki ya kiwango cha 4 N na uipashe joto la nyuzi 65 hadi 75 za Selsiasi kwa saa 48 au zaidi. Iache ipoe, suuza mara tatu kwa maji safi ya maabara, jaza maji yenye asilimia 1 ya asidi hiyo, kisha iache usiku kucha kwenye tanuri la nyuzi 60 hadi 70. Suuza tena mara tatu, ijaze maji yenye asilimia 0.4 ya asidi, iache sehemu yake ya nje ikauke kwenye hewa iliyochujwa, ifunge barabara na uitie kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine. Kutoka kila kundi la chupa, pima chache kabla hazijapelekwa mlimani. Ukigundua kundi limechafuka baada ya msimu kwisha, hakuna cha kuokoa.

Glavu ziwe za vinili au nitrili zisizo na poda. Beba nyingi kuliko unavyodhani utahitaji, kwani kila ukigusa koti, jiwe, pua au kamba ya begi, glavu hiyo imekwisha kazi.

Chombo cha mvua

Mtandao wa Marekani unaopima zebaki inayoshuka na mvua, MDN, umekuwa ukikusanya sampuli za wiki kwa wiki tangu 1996, na muundo wake ni mfano mzuri wa kuiga. Una faneli ya kioo, chini yake mrija mwembamba sana wa kioo, kisha chupa ya kioo ya lita 2 iliyotiwa mililita 20 za asidi ya hidrokloriki ya asilimia 1 kabla ya kuwekwa. Kifuniko hufunguka chenyewe kihisio kinapolowa na kujifunga mvua inapokoma.

Kila sehemu ina sababu yake. Asidi huizuia zebaki isinate kwenye kuta za chupa. Mrija mwembamba huzuia maji yasivukizwe na gesi isibadilishane na hewa ya nje. Kifuniko huzuia vumbi la siku kavu. Sanduku linalofunika chupa halipitishi mwanga, kwa kuwa mwanga huirudisha zebaki kwenye hali ya gesi, nayo ikitoroka hairudi.

Faneli yenye eneo la sentimita za mraba 120 hukusanya mililita 12 kwa kila milimita ya mvua. Chupa ya lita 2 hujaa kwenye milimita 165 hivi. Mahali panaponyesha zaidi ya hapo kwa wiki panahitaji chupa kubwa zaidi au ziara za mara kwa mara. Chupa iliyofurika haifai hata kwa makadirio, kwani mvua ya mwanzo wa dhoruba huwa na zebaki nyingi kuliko ya mwisho, nawe hujui kilichomwagika ni kipi.

Pasipo umeme, chombo kilicho wazi muda wote kinaweza kutumika. Ni rahisi na hakiharibiki ovyo, lakini hukusanya vumbi, wadudu na kinyesi cha ndege pamoja na mvua. Kiandike hivyo kwenye kila jedwali, na usilinganishe tarakimu zake na za chombo chenye kifuniko kana kwamba ni kitu kimoja. Penye paneli ya jua, kumbuka kwamba betri hupungukiwa nguvu kwenye baridi, na siku za mawingu mazito yenye theluji ndizo ambazo kihisio na kipasha joto hula umeme mwingi. Piga hesabu ya betri kwa wiki mbaya kuliko zote.

Kubadilisha chupa kila wiki

Nenda siku ileile na saa ileile kila wiki. Kazi ni ya watu wawili: mmoja ana "mikono safi" na hugusa chupa, faneli na mfuko wa ndani tu, mwingine ana "mikono michafu" na hushika kila kitu kingine.

1. Kabla ya kugusa chochote, andikeni saa, hali ya hewa, na mnachokiona kwenye faneli: mdudu, jani, barafu, kinyesi. Pigeni picha.
2. Mwenye mikono michafu afungue sanduku na mfuko wa nje. Mwenye mikono safi avae glavu mpya, afungue mfuko wa ndani na kutoa chupa mpya.
3. Mwenye mikono safi aiondoe chupa ya zamani, aifunge papo hapo, aitie mfuko wa ndani. Mwenzake afunge wa nje.
4. Ondoeni faneli na mrija na kuweka seti nyingine iliyosafishwa maabara. Kufuta faneli ileile kwa kitambaa ni kosa linalotokea mara nyingi, na kitambaa chenyewe ndicho kichafuzi.
5. Wekeni chupa mpya. Hakikisheni asidi imo ndani. Chupa kavu hutambulika kwa uzito wake mkononi.
6. Lowesheni kihisio kwa matone ya maji safi na muone kifuniko kikifunguka na kujifunga.
7. Someni kipimamvua kilicho kando na kuandika milimita.

Badilisheni hata kama haikunyesha. Chupa ya wiki kavu ni zawadi: inakuonyesha ni zebaki kiasi gani inayoingia kutoka kwenye vifaa na vumbi pasipo mvua.

Chupa ipimwe kwenye mizani kabla na baada. Tofauti ya uzito, ikigawanywa kwa eneo la faneli, ikaribiane na milimita za kipimamvua. Ikiwa chupa imepata chini ya robo tatu ya kilichotarajiwa, weka alama ya shaka na ukague kifuniko, upepo na barafu kwenye mrija. Mrija huziba kwa barafu mara nyingi kuliko watu wanavyodhani. Asidi ya asilimia 1 haizuii kuganda, kwa hiyo sanduku lipashwe joto la nyuzi chache juu ya sifuri. Faneli nayo ipashwe kiasi cha kuyeyusha tu. Joto likizidi, maji huvukizwa kabla ya kuteremka.

Kwa nini theluji ni shughuli nyingine

Chombo cha mvua kinafanya vibaya kwenye theluji. Chembe nyepesi hupeperushwa juu ya mdomo wa faneli, na kwenye mlima wenye upepo unaweza kukosa sehemu kubwa ya kilichoanguka. Kinga ya upepo husaidia, lakini haimalizi tatizo. Mbinu ya pili ni kuichukua theluji yenyewe ikiwa ardhini.

Hapo kuna jambo ambalo kila mpimaji lazima alielewe. Mwanga wa jua huirudisha zebaki ya theluji ya juu kwenye gesi, na theluji mpya yaweza kupoteza takriban nusu ya zebaki yake ndani ya siku moja. Kwa hiyo chombo cha kila wiki kinakuambia zebaki iliyoshuka, na shimo la theluji linalochimbwa mwisho wa msimu linakuambia zebaki iliyobaki ikisubiri kuyeyuka na kuingia mtoni. Yote mawili ni maswali halali. Ila mtu akiona shimo limetoa mikrogramu chache kuliko jumla ya chupa za majira yote, asikimbilie kusema kuwa mmoja amekosea. Tofauti hiyo ni ya kutarajiwa, na ukubwa wake unakuambia jua limefanya kazi kiasi gani.

Ukitaka zebaki iliyoshuka kupitia theluji, laza ubao mweupe uliofunikwa plastiki safi, na ukusanye mara tu dhoruba inapotulia, kabla jua halijaupiga. Saa chache zinatosha kuharibu sampuli. Andika saa ambayo theluji ilikoma na saa uliyokusanya.

Shimo la theluji

Wakati wa kuchimba ni karibu na kilele cha mrundikano, kabla kuyeyuka hakujaanza. Pima halijoto kila sentimita 10. Ikiwa theluji yote, kutoka juu hadi chini, imefika nyuzi 0, umechelewa: maji ya kwanza kuyeyuka hubeba sehemu kubwa ya uchafu, na huenda yameshapita ardhini.

Chimba kwa beleshi la kawaida, ukuta wa kazi ukielekea upande wa kivuli, yaani kaskazini ukiwa kaskazini mwa ikweta, na kusini ukiwa kusini mwake. Theluji inayotolewa itupwe upande mwingine, isikanyagwe wala kurundikwa juu ya ukuta huo. Kisha vaa glavu mpya na nguo safi ya juu, chukua beleshi la polikaboneti lililooshwa kwa asidi, ukwangue sentimita 20 za uso wa ukuta ili kufikia theluji ambayo chuma hakijaigusa.

Vipimo vya msongamano na halijoto vifanyike kwenye ukuta wa pembeni. Kikata theluji cha sentimita za ujazo 1,000 hurahisisha hesabu: gramu 350 ndani yake ni kilogramu 350 kwa mita ya ujazo. Pima kila sentimita 10 hadi chini.

Sampuli ya kemia ni safu nzima ya wima, kutoka juu hadi sentimita 5 au 10 kutoka ardhini. Hizo za mwisho ziache, maana udongo umezigusa. Upana na kina cha safu viwe sawa kutoka juu hadi chini. Makosa hutokea hapa: theluji ya juu ni laini, beleshi linachota nyingi bila kujua, na tabaka gumu la chini linapata kidogo. Matokeo yake ni wastani unaoegemea dhoruba za karibuni. Chonga kwanza mistari miwili ya wima, halafu chota kati yake.

Kwa mililita 250 za maji, theluji mpya yenye msongamano wa 100 inahitaji lita 2.5. Theluji iliyoshikamana ya 300 inahitaji chini ya lita moja. Toa hewa kwenye mfuko, ufunge, uutie mfuko wa pili, halafu mfuko mweusi. Usiruhusu iyeyuke njiani. Ikifika maabara, ihifadhiwe kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri hadi siku ya kazi.

Sampuli tupu na jozi

Peleka mlimani maji safi ya maabara, yafungue kituoni, yamimine kwenye faneli au mfuko mpya, yafunge na kuyarudisha kama sampuli nyingine. Fanya hivyo angalau mara moja kwa kila sampuli kumi, na sampuli za jozi, yaani mbili zinazokusanywa pamoja kwa njia ileile, kwa kiwango hichohicho.

Hesabu hii inaonyesha kwa nini. Uchafu wa nanogramu 0.1 ukiingia kwenye mvua ya milimita 5, yaani mililita 60, unaongeza karibu nanogramu 1.7 kwa lita. Uchafu uleule kwenye milimita 60, yaani mililita 720, unaongeza 0.14 tu. Wiki za mvua kidogo ndizo zinazodanganya zaidi.

Maabara

Theluji iyeyushwe ndani ya mfuko wake uliofungwa, gizani, kwa joto la chumba. Kamwe isiwekwe jikoni wala kumiminwa kwenye chombo kingine kwanza, kwa sababu zebaki nyingine imenata kwenye kuta za mfuko. Ongeza kioksidishaji, bromini monokloridi, mililita 0.5 kwa kila mililita 100, humo humo. Zungusha kiugusane na kuta zote, uache usiku kucha. Rangi ya njano iwepo bado asubuhi. Ikiwa imetoweka, kuna mata ya viumbe hai inayokila, basi ongeza tena na uandike kiasi ulichoongeza. Kazi hii ifanyike kwenye kabati la kuvuta hewa, maana mvuke wa kioksidishaji hiki huunguza mapafu.

Baada ya hapo hidroksilamini huondoa njano, na kloridi ya bati hugeuza zebaki yote kuwa gesi. Naitrojeni isiyo na zebaki hupulizwa kwa dakika 20 kuipeleka kwenye mtego wa dhahabu. Mtego ukipashwa moto huiachia, nayo husomwa kwa fluoresensi ya atomiki, yaani mwanga unaotolewa na atomi zake, kwenye mawimbi ya nanomita 253.7. Hii ndiyo mbinu nambari 1631 ya EPA, shirika la Marekani la kulinda mazingira, ambayo hugundua hadi nanogramu 0.2 kwa lita na kutoa kiasi cha kuaminika kuanzia 0.5. Sampuli iliyooksidishwa kwenye chupa yake ipimwe ndani ya siku 90. Sampuli uliyoiongeza zebaki ya kipimo kinachojulikana irudishe kati ya asilimia 71 na 125. Nje ya hapo, simamisha kazi na utafute sababu.

Hesabu

Anza na asidi iliyokuwemo chupani. Tuseme chupa ina mililita 260 kwa jumla, 20 kati yake ni asidi, na maabara imesoma nanogramu 9.2 kwa lita. Zebaki yote ni 0.260 × 9.2 = nanogramu 2.392. Asidi yenyewe ina nanogramu 0.3 kwa lita, yaani 0.006 katika mililita 20. Baki 2.386, gawanya kwa lita 0.240 za mvua: 9.94. Kwenye mvua ndogo pengo huwa kubwa zaidi. Mililita 60 za mvua juu ya 20 za asidi hushusha usomaji kwa robo nzima.

Kiasi kinachoshuka kwa mita ya mraba ni nanogramu kwa lita mara milimita za mvua, kwani milimita moja kwenye mita ya mraba ni lita moja. Milimita zichukuliwe kwenye kipimamvua chenye kinga ya upepo, na mkusanyiko wa zebaki, yaani nanogramu kwa lita, kwenye chupa. Kukosa theluji kwa sababu ya upepo huvuruga ujazo zaidi kuliko mkusanyiko.

Kwa shimo: theluji ya mita 1.8 yenye msongamano wa wastani wa 350 ni sawa na milimita 630 za maji. Ikiwa na nanogramu 6 kwa lita, inatoa nanogramu 3,780, yaani mikrogramu 3.78 kwa mita ya mraba.

Wastani wa msimu usipigwe kwa kujumlisha wiki na kugawanya. Wiki ya milimita 5 yenye nanogramu 24 na wiki ya milimita 60 yenye nanogramu 6 zina wastani wa kawaida wa 15, tarakimu isiyowakilisha maji yoyote yaliyoanguka. Zidisha kila moja kwa milimita zake, jumlisha, gawanya kwa milimita zote: 480 kwa 65 ni 7.4.

Kusoma majibu

Ukipata nanogramu 200 kwa lita kwenye kituo cha mbali, anza kwa kukagua picha ya faneli, sampuli tupu ya wiki hiyo, kundi la chupa na orodha ya waliogusa. Mara nyingi jibu limo humo. Yote yakiwa safi, usiifute tarakimu hiyo. Iache na maelezo yake, kwa sababu volkano au moto mkubwa wa msitu huweza kupandisha viwango kweli.

Mwaka mmoja hautoshi kusema zebaki inaongezeka au inapungua, maana mwaka wa mvua nyingi huongeza mikrogramu hata kama hewa haijabadilika. Toa mkusanyiko na milimita kando kando ili msomaji aone ni kipi kilichosogea. Mkataba wa Minamata, mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulioanza kutumika tarehe 16 Agosti 2017, unataka utekelezaji wake utathminiwe kwa takwimu za ufuatiliaji, na mfululizo wa miaka kumi uliopimwa kwa njia ileile una thamani kuliko miaka ishirini yenye vyombo vilivyobadilishwa katikati bila kulinganishwa. Ukilazimika kubadilisha chombo, kipya na cha zamani viwekwe ubavu kwa ubavu mwaka mzima.

Na popote unapoandika jumla, taja kuwa ni zebaki ya mvua na theluji peke yake. Majani ya miti hunyonya zebaki moja kwa moja kutoka hewani na kuishusha yanapopukutika, na kwenye misitu mingi njia hiyo huleta ardhini zebaki nyingi kuliko mvua. Anayeangalia samaki wa ziwa lililo chini ya mlima anahitaji kuzijua njia zote mbili.